Siku Tuliyosindikizwa Mpaka Maji Yakajaa

Wengi wenu mlikuja nyumbani Lewisham Jumapili ile asubuhi kumuaga mama, mkatukuta mimi, mama na wifi Mwaju tumenyamaza kama waliofiwa. Mmoja wenu alinifuata jikoni akaninong'oneza, "Mmegombana?" Nikasema hatujagombana, nikaendelea kukata vitunguu kwa nguvu ambayo vitunguu havikustahili. Sasa mama ameshafika Masasi salama, na ninyi bado mnaniuliza kila tukikutana sokoni. Haya, nitaeleza, na nitaeleza taratibu kama nifanyavyo kazini, ili nisirudiwe na swali.

Siku nne za kwanza za safari hazina kisa. Tulizunguka kusini mwa Uingereza kwa gari langu, tukalala, tukala, tukapiga picha, hakuna aliyemkasirikia mwenzake. Kisa ni siku ya tano, Jumamosi, siku ya kurudi London.

Kwanza mjue mama alikuwa anataka nini. Mama alifundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne. Kabla hajaja nilimtumia picha ya yale majabali meupe yaliyoko ukingoni mwa bahari kule Kent. Akanipigia simu.

"Zaituni, ule weupe ni wa nini?"

"Ni chaki, mama."

"Chaki ya kuandikia?"

"Chaki. Mlima mzima ni chaki, kutoka juu mpaka baharini."

Akasema, "Huo nitataka niuone."

Alikaa kwetu wiki sita. Nilimpeleka kwenye majumba na madaraja, akasema ni mazuri. Lakini kila jioni swali lilikuwa moja: kwenye chaki tunakwenda lini? Chaki nikaiweka siku ya mwisho ya safari kwa sababu nilisoma ratiba ya maji. Watu wengi huenda Dover. Mimi nilichagua upande wa Broadstairs, kwa kuwa kule maji yakipwa unashuka pwani na kutembea mguuni kabisa mwa jabali, ukaligusa. Siku hiyo maji yalikuwa yanapwa saa sita na nusu mchana. Ukifika kati ya saa tano na saa nane, una mchanga wa kutosha. Ukichelewa, bahari inarudi mpaka ukutani na hakuna pa kukanyaga. Ndege ya mama ilikuwa kesho yake jioni, ana miaka sabini na mmoja, na alishatutangazia kwamba hatapanda ndege tena maishani. Kwa hiyo ilikuwa siku hiyo au basi.

Ashford, asubuhi

Usiku wa Ijumaa tulilala Ashford kwa Kaka Ausi. Ausi alisomeshwa na mama darasa la pili hadi la nne. Sasa ni mtu mzima mwenye mvi, na anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alipomfungulia mama mlango alipiga goti pale pale kwenye zulia la mlangoni, na viatu vya watoto wake vikamzunguka.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Inuka, utachafua suruali."

Tulipanga kuondoka saa mbili. Saa mbili mkewe alikuwa ndiyo kwanza anaweka mihogo ya nazi mezani, na nyuma yake samaki, na nyuma ya samaki chapati. Nilikula nikitazama ukuta wenye saa. Saa tatu na nusu nikasimama, nikashukuru, nikasema sisi tunaaga.

"Nawasindikiza," akasema Ausi, na tayari ana funguo mkononi.

Ninyi mnaijua desturi hii, lakini watoto wenu waliozaliwa hapa wanadhani kuaga ni kufunga mlango. Kwetu mgeni haachwi kizingitini. Unatoka naye, unabeba mzigo wake, unakwenda naye kipande cha njia. Nyumbani kipande hicho ni mpaka kwenye mnazi wa pili. Ausi alikuwa na gari, na mbele yake kulikuwa na jimbo zima.

"Dada, niwasindikize mpaka wapi?"

"Mpaka utakapochoka mwenyewe, kaka," nikajibu nikicheka.

Ilikuwa adabu tu. Nilidhani atatufikisha kwenye barabara kuu, dakika tano, atapunga mkono.

"Basi mwalimu apande kwangu, akae mbele," akasema. "Hata kipande kidogo, niseme nilimwendesha mwalimu wangu."

Ningesemaje hapana? Mama akapanda, akafunga mkanda, akakaa wima kama bibi harusi. Mkoba wake, wenye simu yake ndani, ulibaki kwenye buti la gari langu.

Ashford hadi Canterbury

Mnajua kazi yangu. Nina miaka kumi na mmoja nawafundisha watu kuendesha gari katika barabara za Lewisham, na baadhi yenu mmepita mikononi mwangu. Mtakumbuka nilichowaambia wiki ya kwanza: usifuate gari la mwenzako. Ukifuata gari, macho yako yanakuwa kwenye taa zake za nyuma badala ya kuwa barabarani. Akipita taa ya njano, na wewe utaipita nyekundu. Endesha safari yako, mtakutana huko mwendako.

Na sasa mwalimu mwenyewe huyu hapa, anafuata gari la Ausi la rangi ya fedha kama mbuzi anayefuata pumba.

"Wifi," akasema Mwaju kutoka kiti cha pembeni. Mwaju ni dada wa mume wangu, muuguzi, na utani wake hauna likizo. "Wewe si ndiye uliyemfelisha yule kijana wa Catford kwa kufuata mkia?"

"Sikumfelisha mimi. Alifelishwa na mtahini."

"Mtahini yuko wapi leo tumwite?"

Kwenye kipilefti kikubwa Ausi aliingia kabla ya lori, mimi nikabaki nyuma ya lori. Lilipotoka, yeye hayupo. Nikakizunguka kipilefti mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu Mwaju akasema, "Hapa tumefika Makka." Tukamkuta mbele, ameegesha pembeni na taa za dharura zinawaka. Akashuka, akaja dirishani kwangu, akainama.

"Mko salama, dada? Barabara sasa mnaiona vizuri?"

"Tuko salama, kaka. Tunashukuru. Endelea tu."

Akasita, kama mwenye neno. Kisha akarudi garini mwake, akaendelea.

Alifanya hivyo mara nne siku hiyo. Mara nne alisimama, akashuka, akaniuliza kama barabara tunaiona. Mara nne nilimwambia endelea.

Canterbury hatukuingia mjini. Alikata kushoto, akaingia kwenye uwanja wa nyumba ya matofali mekundu yenye maua. Ni kazini kwake. Nilimpigia honi fupi. Akapunga mkono kwa furaha, akamfungulia mama mlango.

"Dakika mbili tu, dada! Nataka wamwone aliyenifundisha kusoma."

Nikasema mimi sishuki. Nilitaka aelewe kwamba tuna haraka. Nikakaa garini na Mwaju, dakika mbili zikawa kumi, kumi zikawa ishirini na tano. Ilikuwa saa tano. Nikashuka, nikaingia, nikamwona Ausi yuko mwisho wa ukumbi anaongea na bosi wake kuhusu shifti. Mama hayupo.

Nilimpata chumba cha chakula. Yuko mezani kati ya bibi wawili wa Kizungu, amefungwa bibu, kile kitambaa cha kukinga chakula, kifuani, na msichana wa watu amekaa mbele yake na kijiko, anampungia kijiko hicho kama anayemlisha mtoto. Kwenye sahani kulikuwa na viazi vilivyopondwa na njegere zilizopondwa, kijani kama sweta la shule.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nimekaribishwa," akasema mama.

Yule msichana aliinuka akitabasamu, akanieleza kwa Kiingereza kwamba mama ni mpole sana, na kwamba siku ya kwanza huwa ngumu kwa familia lakini nisijali, atazoea. Alidhani nimemleta nimwache.

Ninajitahidi kuwa mwadilifu ninapowaeleza haya. Msichana hakuwa na kosa. Mama mzee mweusi mwenye fimbo ameingia na mfanyakazi wao akamketisha, yeye angefikiri nini? Lakini damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikamfungua mama bibu, fundo likakataa, nikalivuta.

"Kwa nini hukukataa, mama?"

"Chakula cha mgeni hakikataliwi. Kimekosa chumvi tu."

Msichana aliomba radhi mara saba. Ausi alipofika na kuambiwa, alicheka mpaka akashika ukuta, na mama naye akacheka. Mimi sikucheka. Nikasema, kwa sauti niliyoiona mimi kuwa kali, "Kaka, muda umekwenda." Akajibu, "Kweli dada, twendeni," na kabla sijafunga mdomo amekwisha kumpandisha mama garini mwake.

Canterbury hadi Faversham

Nieleze ramani kidogo, msipotee kama mimi. Ukitoka Canterbury, Broadstairs iko mashariki, bahari inakuita mbele. London iko magharibi. Faversham iko upande wa London. Nilipoona kibao cha Faversham nilijua tunaukimbia mlima wa chaki kwa mwendo wa maili hamsini kwa saa, na mama yangu yuko mbele, nikimwona kisogo, anaonyeshwa kitu dirishani.

"Mpigie Ausi simu," nikamwambia Mwaju.

"Nampigia. Hapokei."

"Mpigie tena."

"Wifi, anaendesha. Wewe mwenyewe si huwa unawaambia wasipokee?"

Nikapiga usukani. Alikuwa sahihi, na Ausi alikuwa sahihi, na hilo liliniudhi kuliko kama wangekuwa wamekosea.

Alitupeleka kwenye shamba la matufaha nje ya mji. Hapo ndipo alipofanya kazi yake ya kwanza alipofika nchi hii, akichuma matufaha kwenye baridi, vidole havimtii. Alikuwa anamsimulia mama haya yote wakitembea kati ya mistari ya miti, na mwenye shamba, mzee mmoja mwenye buti za mpira, alimkumbuka Ausi kwa jina, akampa mama kikapu achume. Mama alichuma. Alichuma kama anayelipwa kwa kikapu. Kila tufaha aliligeuza, akalinusa, akalikagua kama daftari la mwanafunzi mvivu.

Saa sita na nusu ilinikuta nimesimama kwenye nyasi. Saa ile ile, maili thelathini kutoka pale, mchanga ulikuwa mkavu na jabali limesimama wazi na hakuna aliyekuwa analizuia.

"Mama," nikasema, "chaki."

"Ndiyo mwanangu. Si tunakwenda?"

Ningeweza kusema pale. Ningeweza kusema: mama, panda gari langu, Kaka Ausi ahsante, kwaheri. Maneno manane. Lakini alikuwa amembebea mama kikapu, anampangusia kiti cha mbao kwa leso yake, na mwenye shamba ametuletea maji ya matufaha kwenye vikombe. Mtu akikutendea wema mfululizo namna ile, hakuachii hata upenyo wa kupitisha neno. Nikanywa maji ya matufaha kwa meno yaliyobana.

Tuliondoka saa nane kasoro. Barabarani Ausi akasimama tena, akaja dirishani. Uso wake ulikuwa umechoka, nakumbuka sasa.

"Dada, mko salama? Bado mnataka kuona mbele?"

"Tunataka," nikasema, nikimaanisha Broadstairs. "Endelea tu, kaka."

Whitstable

Akaendelea. Kidogo tu, mpaka mji wa jirani. Whitstable ni mji mdogo wa pwani unaosifika kwa chaza, na watu huwala wabichi wakiwa wamesimama. Mama alitazama mwanamume mmoja akimimina chaza kooni, akamuuliza Ausi, "Huyu ni mgonjwa?" Ausi akatununulia sisi samaki na chipsi kwenye karatasi, tukakaa kwenye ukuta. Saa tisa. Bahari ilikuwa mbele yangu, na mimi ninayejua kusoma ratiba niliiona inarudi, jiwe moja baada ya jingine linazama.

Simu ya Ausi ikaita. Akainuka akaenda pembeni, nyuma ya pipa la taka, akainamisha kichwa. Mwaju alikuwa amekwenda kutupa karatasi. Alirudi ameshika mdomo.

"Wifi, usinipige."

"Nini?"

"Anaongea na mkewe. Shifti yake ilianza saa nane. Kazini wanamtafuta. Mkewe anamgombeza, na yeye anasema: 'Hawajanirudisha bado. Nitamwachaje mwalimu njiani? Kila nikiwauliza wananiambia niendelee.'"

Nilikaa na chipsi moja mkononi.

Kama mmesahau, kama nilivyosahau mimi kwa kukaa huku miaka ishirini, desturi ina nusu ya pili. Anayesindikiza harudi kwa hiari yake. Akirudi mwenyewe ni kama amekuchoka. Ni mgeni anayesimama, anayepokea mzigo wake na kusema: umetufikisha mbali, rudi sasa, wasalimie nyumbani. Mgeni asiposema, mwenyeji anaendelea kutembea. Ausi alikuwa anaomba ruhusa ya kurudi tangu kile kipilefti cha kwanza.

Mngetegemea nicheke, au nilie. Mwaju alicheka mpaka machozi. Mimi nilikasirika kwa hasira ambayo sijawahi kuwaonyesha hata wanafunzi waliopanda na gari langu juu ya tuta la maua. Siku nzima! Siku ya mama! Imeliwa na watu wawili wazima wanaoogopana adabu! Na kwa kuwa nusu ya kosa ilikuwa yangu, yote niliitupa kwake.

Alikuwa anarudi kutoka kwenye simu. Nikasimama.

"Kaka Ausi, rudi kwako!"

Akasimama.

"Rudi! Nani alikuomba utuzungushe? Umemzungusha mama kama mzigo unaotafuta mnunuzi! Wazee, matufaha, samaki, tumechoka! Mama alikuwa na kitu kimoja tu cha kuona nchi hii, kimoja, na umetunyima!"

Watu waliokuwa wanakula chaza waligeuka. Kiswahili hawakijui, lakini ugomvi hauhitaji mkalimani. Ausi alitazama viatu vyake.

"Samahani, dada," akasema. "Sikujua mna pa kwenda. Hamkuniambia."

Na ni kweli. Nilijipanga kimya, nikaweka kila kitu kichwani mwangu na kwenye ratiba ya maji, na mtu aliyekuwa mbele yangu siku nzima sikumwambia neno moja.

Mama alikuwa ameinuka kwenye ukuta. Hakunitazama. Alimwendea Ausi polepole na fimbo yake, akapokea kofia na mtandio wake ambavyo Ausi alikuwa amembebea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ausi mwanangu, umenifikisha mbali. Rudi sasa. Nenda kazini, wasalimie nyumbani. Nikifika Masasi nitasema kwamba nilikuona, na kwamba una nyumba yenye watu."

Ausi aliinama, mama akamgusa kichwani. Alipopita mbele yangu alisema, "Safari njema, dada," bila kinyongo chochote sautini, na hilo lilinichoma kuliko tusi.

Whitstable hadi Broadstairs

Mama alikataa kiti cha mbele. Alikaa nyuma, na kikapu cha matufaha mapajani.

Niliendesha dakika kumi kabla sijaweza kuongea.

"Mama, kwa nini hukumrudisha wewe? Mwanafunzi wako. Angekusikia kwa neno moja."

"Gari ni lako. Safari ni yako. Mwenye msafara ndiye anayemrudisha mtu."

"Ulikuwa naye garini siku nzima!"

"Ndiyo. Nilikuwa garini mwake. Nimwambie arudi, nishuke wapi? Barabarani? Nikitazama nyuma nakuona unafuata. Shambani ulitaja chaki, kisha ukafuata tena; nikasema, mwanangu amebadili mpango. Ameona miji ya jirani ni bora kuliko chaki yangu. Nikanyamaza, kwa sababu mimi ni mgeni wako."

"Mama, ungeuliza!"

"Na wewe ungesema."

Mwaju akajaribu. "Tuchukulie kwamba wote watatu..."

"Nyamaza, Mwaju," tukasema mimi na mama kwa pamoja.

Magari yalijaa barabarani. Watu wote wa Kent waliamua kurudi kutoka pwani saa ile ile na sisi, na wengine wote waliamua kwenda. Wanafunzi wangu nawaambia: hasira haiongezi kasi, inapunguza macho. Ni ushauri mzuri. Nawapeni na ninyi. Mimi siku hiyo niliwapigia honi watu watatu wasio na kosa, mmoja wao kwenye kivuko cha waenda kwa miguu.

Juu ya chaki

Tulifika saa kumi na moja na robo. Niliegesha, nikatangulia mbio kwenda kuchungulia ngazi za kushukia pwani. Ngazi ya nne kutoka chini ilikuwa majini. Mchanga haukuwepo. Wimbi lilikuwa linapiga ukuta na kurudi.

Nikapanda tena. Mama na Mwaju walikuwa wamesimama juu kwenye nyasi, upepo unawapiga. Mama alitazama kushoto, akatazama kulia. Nyasi. Uzio. Bahari ya kijivu.

"Iko wapi?" akauliza.

Hapa naomba mnielewe. Ukisimama juu ya jabali, hulioni. Unaona nyasi. Weupe wote uko chini ya miguu yako, unatazama baharini, na ni samaki tu wanaofaidi. Nilimwendesha mama yangu siku tano, nikasoma ratiba, nikamfokea mtu mwema hadharani, nikamsimamisha mwisho wa yote juu ya kiwanja cha nyasi.

"Tuko juu yake, mama," nikasema.

Nilitegemea anifariji. Mama wenu mnamjua, ni mtu wa kufariji. Badala yake akapiga fimbo ardhini.

"Sikuja kuikanyaga! Mnadhani nilitaka kupiga picha?" Na hapo kikohozi kikamshika, kile mlichokisikia wote wiki zile sita na mimi nikakinunulia dawa ya mafua. Alikohoa mpaka Mwaju akamshika kiuno. Kilipomwachia akaendelea, sauti imekwaruza. "Miaka thelathini na minne nafuta ubao. Asubuhi nafuta, mchana nafuta. Vumbi linanishukia puani, kwenye chai, kwenye nywele, watoto wa dawati la mbele wanapiga chafya. Nimestaafu, ndiyo kifua kinaanza. Daktari ananiuliza, mama unavuta sigara? Mimi! Nikamwambia, navuta chaki. Akacheka. Alicheka, Zaituni, akaandika dawa ya mafua." Akapangusa mdomo. "Nilitaka nisimame mbele yake, uso kwa uso. Basi."

Mwaju akamfunga mama mtandio mdomoni kumkinga na upepo.

Mwanamke mmoja alikuwa anapita na mbwa wake mwekundu. Alituona, akauliza kama tuko sawa. Mwaju akamweleza kwa Kiingereza kwamba bibi alitaka kuliona jabali lenyewe na maji yamejaa. Yule mwanamke akasema hatuhitaji pwani. Tukienda mbele kidogo kwa ukingo huu, kuna barabara ya zamani iliyochongwa katikati ya jabali ili mikokoteni ishuke baharini. Maji hayafiki juu pale, na kuta zake ni jabali tupu, pande zote mbili.

Tulikwenda kwa mwendo wa mama. Hakutaka kushikwa. Barabara ile ilianza kama njia ya kawaida, kisha ardhi ikapanda kushoto na kulia huku sisi tukishuka, na nyasi zikawa juu ya vichwa vyetu, na chini ya nyasi kukawa kweupe. Kila hatua kuta zilirefuka. Mwishowe tulikuwa chini ya ukuta mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu, mweupe wenye mistari ya mawe meusi, na tone la maji likidondoka mahali fulani.

Mama alisimama. Alivua mtandio mdomoni. Akasogea mpaka pua yake ikakaribia jiwe, akaweka kiganja, akakibonyeza, akakitoa, akakitazama. Kilikuwa cheupe kwenye mistari yote, mkono niliouona hivyo kila mchana nilipokuwa mtoto.

Mwaju akatoa simu apige picha. Nikamshusha mkono.

"Ndiwe," mama akaliambia jiwe. Aliinua kichwa, akatafuta mwisho wa juu. Kisha akasema, si kwetu, "Nimekula mlima mzima, na mlima bado upo." Ni neno hilo mlilotukuta bado tunalitafuna Jumapili asubuhi.

Sasa mimi ni mtu wa kueleza. Ndiyo kazi yangu, ndiyo tabia yangu, ninyi wenyewe mnanicheka. Na nilikuwa nimesoma, nikijiandaa kwa safari, kwamba chaki nyingi za madarasani siku hizi hazitengenezwi kwa jiwe hili. Hutengenezwa kwa jiwe jingine, laini zaidi, linalochimbwa kwingine kabisa. Maneno yalikuwa yamekwisha kupangika ulimini, taratibu, kwa mifano.

Mama aligeuka akanitazama, kiganja chake cheupe bado kimekunjuliwa.

"Ndiyo yenyewe, sivyo?"

"Ndiyo yenyewe, mama," nikasema.